Sikio la Kushoto Halina Utenzi

Kuna methali moja naomba tuipumzishe kwa muda: sikio la kufa halisikii dawa. Tunamtupia mtoto mtundu, mlevi, kiongozi asiyeshaurika. Kwa hao haina neno. Ubaya unaanza tunapokutana na mzee ambaye sikio lake limekufa kweli, limeuawa na mzinga akiwa kwenye kazi ya nchi, na lugha yetu imeshajiandaa kumwona mkaidi. Kiswahili kimefunga kusikia na kutii katika kitenzi kimoja. Mtoto msikivu ni mwenye adabu. Asiyesikia ni mkorofi, na asiyesikia la mkuu mnajua wenyewe kinachompata mguuni. Sasa jeshini, ambako kusikia la mkuu ndiyo kazi yenyewe, mtu akipoteza sikio anapoteza na heshima papo hapo.

Nina watu maalumu kichwani ninaposema haya. Ni wanaume wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, Lituhi, Mbamba Bay, Liuli, waliokwenda mwaka 1978 na 1979 kupigana kwenye pembe nyingine kabisa ya nchi, Kagera, na baadaye ndani ya Uganda. Aliyekuwa na miaka 20 siku Kampala inaanguka, tarehe 11 Aprili 1979, alizaliwa mwaka 1959. Piga hesabu uone umri wake leo. Wengi wameshakwenda. Waliobaki, ukipita ukawaamkia "shikamoo" kwa sauti ya kawaida, baadhi yao hawaitikii, nawe unaondoka unanung'unika kwamba mzee ana majivuno.

Hoja yangu ni moja na najua itawaudhi baadhi ya wasomaji: fasihi yetu ya vita imesaidia kuwanyima watu hawa haki ya masikio yao. Haikufanya hivyo peke yake, wala kwa makusudi. Lakini imesaidia, na inaendelea kusaidia kila tunaposherehekea mlio wa mzinga bila kumtaja aliyesimama kando yake.

Turudi kwenye vita vyenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera hadi mtoni, daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu akatangaza vita kwa yale maneno matatu yanayojulikana na kila mtoto wa shule: sababu, nia, uwezo. Sehemu kubwa ya huo uwezo ilikuwa mgambo, vijana wa vijijini waliotolewa shambani na kwenye nyavu. Huko Lukaya, tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, ilirushiwa roketi na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Roketi zilipita juu ya vichwa. Hazikuwapiga. Hata hivyo wengi walivunja mstari wakakimbia, na siku iliyofuata jeshi letu likarudi likashinda. Tukisimulia tunaruka haraka kwenda kwenye hiyo siku ya pili. Mimi nataka tubaki kwenye ile ya kwanza kidogo, kwa sababu pale sauti peke yake ilikuwa silaha, na watu waliipokea kwa miili yao.

Na sisi tulikuwa na ya kwetu: BM-21, ile mitambo iliyoitwa Saba Saba, mirija 40 juu ya lori moja, inayomwaga makombora yote kwa muda usiofika nusu dakika. Tumesimulia mpaka tumechoka jinsi mlio ule ulivyowatia kiwewe askari wa Amin. Aliyekuwa akipakia makombora hayo, hatua chache kutoka kwenye lori, nani amemuuliza lolote?

Bunduki ya kawaida tu hupiga kishindo kinachozidi desibeli 150 karibu na sikio la mpigaji. Kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari, hata kwa kishindo kimoja, ni 140. Ndani kabisa ya sikio, kwenye kile kijumba kilichojikunja kama konokono, kila mmoja wetu amezaliwa na chembe zenye vinyweleo kama 15,000 hivi, ndizo zinazoipeleka sauti kwenye mishipa ya fahamu. Zikifa hazioti tena. Ngozi ya sikio ikipasuka inaweza kupona, na damu ikikauka kila mtu anadhani yamekwisha. Chembe zile hazina kurudi. Kinachobaki ni mvumo usiokoma, mchana na usiku. Wengine huufananisha na nyuki, na hapo Kiswahili, kwa bahati tu, kimesema ukweli: mzinga wa vita na mzinga wa nyuki ni neno lile lile.

Sasa fungua vitabu. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin. Mwaka 1981 Henry Muhanika akatoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Siwalaumu. Waliandika ushindi ukiwa bado wa moto, na vichwa vya vitabu vyenyewe vinasema ni nani anayetazamwa: anayeanguka, anayezama. Utenzi ni chombo cha mashujaa tangu zamani. Shaaban Robert aliutumia kwa vita vikubwa vya 1939 hadi 1945, Abdul Karim bin Jamaliddini aliutumia kwa Maji Maji. Una nafasi ya panga, ya damu, ya dua, ya kifo. Kwa mtu aliyerudi nyumbani mzima wa viungo vyote, ila hamsikii mkewe, utenzi hauna ubeti wa kumpa. Lawama yangu ni kwetu sisi tuliokuja baadaye, tulio na riwaya, hadithi fupi, insha, simu za kurekodia, miaka zaidi ya 40, na bado hatujamwandika.

Hata riwaya zilizo makini kuhusu majeraha huchagua kiungo kinachoonekana. Hamza wa Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives ya mwaka 2020, anarudi kutoka jeshi la Wajerumani akichechemea. Ni riwaya ninayoipenda, na kuchechemea kwake kumeandikwa kwa upole mkubwa. Lakini tazameni jinsi mguu unavyomrahisishia mwandishi kazi: Hamza akiingia tu ukumbini, jeraha limeingia naye. Sikio halichechemei. Kumwandika kiziwi wa vita inabidi uandike wanaomzunguka, subira yao inavyoisha, jinsi wanavyoacha kumweleza mambo, jinsi kicheko kinavyopita mezani kikamruka. Ni kazi ngumu zaidi. Huenda ndiyo maana tunamkwepa, au tunamgeuza mzee wa kuchekesha anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Michezo yetu ya redio na televisheni imejaa huyo mzee.

Kule kwetu ziwani tabia hii ni ya zamani. Tarehe 13 Agosti 1914, vita vikuu vya kwanza vikiwa na siku chache tu, meli ya Waingereza Gwendolen ilikuja Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Kila anayeandika habari hiyo huiandika kama kichekesho: makapteni wawili, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na Mjerumani hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza. Kichekesho kizuri. Lakini Liuli haikuwa jukwaa tupu. Palikuwa na kijiji, na mizinga ilivuma juu ya maji yale yale ambayo watu walikuwa wakivulia samaki. Zaidi ya miaka 100 tumewachekea makapteni.

Halafu kuna mganda. Asiyewahi kuuona aje mwambao wa Nyasa msimu wa ngoma. Wanaume wanapanga mistari kama gwaride, wamevaa nadhifu, wanapuliza vibuyu vinavyolia kama tarumbeta, ngoma kubwa inapiga mwendo wa jeshi, na kikundi kina vyeo vyake. Ngoma hii na ndugu zake, beni upande wa pwani na malipenga ng'ambo kule Malawi, zimebeba kumbukumbu ya maaskari wa kikoloni na bendi zao. Watu wa kawaida walichukua sauti ya jeshi wakaifanya yao, wakaitunza vizazi na vizazi bila ruzuku ya wizara yoyote. Kwangu mimi hiyo ni fasihi ya vita kuliko nusu ya vitabu nilivyotaja. Ila nayo imehifadhi bendi, haikuhifadhi mlipuko. Nimewaona wazee wakicheza kwa kutazama miguu ya aliye mbele yao, kwa sababu kibuyu hawakisikii tena. Hawakosei hatua hata moja.

Mtu ataniuliza: sasa hadithi na fidia vinahusiana nini? Vinahusiana sana. Dai la ulemavu wa sikio ni hadithi. Mwenye mguu uliokatika anaonyesha mguu. Mwenye sikio analazimika kusimulia: nilikuwa mahali fulani, kulikuwa na silaha fulani, ikatokea hivi, tangu siku ile hali yangu iko hivi. Lazima mwanzo uungane na mwisho, na katikati wawepo mashahidi. Kama taifa zima halijawahi kusikia hadithi ya aina hiyo, karani anayeisikia mara ya kwanza ataona ni uongo, au ni uzee.

Baba yangu mdogo alikwenda vita hivyo akiwa mgambo, akarudi Mbamba Bay kuvua usipa. Uvuvi wa usipa ni wa usiku, kwa taa, na usiku ziwani mtu anaishi kwa masikio: mwenzako anakuita kutoka mtumbwi mwingine, mwera unaanza kuvuma kusini kabla mawimbi hayajafika. Baada ya miaka michache wenzake walikataa kwenda naye. Hawakuwa na roho mbaya, waliogopa kufa. Akabaki nchi kavu kuanika samaki wa watu wengine. Hiyo ndiyo hasara yenyewe kwa lugha ya pesa, na hakuna fomu niliyoiona yenye nafasi ya kuiandika.

Siku moja nilimsindikiza kwenye ofisi moja, siitaji, kufuatilia suala lake. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mimi nilitoka kidogo kutafuta maji. Niliporudi nilikuta watu waliokuja nyuma yetu wameshahudumiwa. Jina lake lilikuwa limeitwa mara mbili.

"Mzee, hukusikia unaitwa?" kijana wa dirishani aliuliza.

Baba mdogo akamtazama midomo, akatabasamu, akasema, "Marahaba, mwanangu."

Benchi zima likacheka. Yule kijana hakuwa mbaya, alicheka kidogo tu, halafu akatupokea vizuri. Alisoma karatasi, akauliza cheti cha hospitali cha mwaka 1979. Hakikuwapo. Akasema kwa heshima kabisa kwamba kwa umri ule, kutosikia ni kawaida. Na hapo mlango ulifungwa, bila mtu yeyote kuinua sauti.

Naomba tulishike hilo la umri, kwa sababu ndilo linalowaua wengi, na lina majibu. Uzee hula masikio yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Bunduki haifanyi hivyo. Mpigaji wa mkono wa kulia anapolaza shavu kwenye kitako, sikio lake la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki, na la kulia linakingwa na kichwa chenyewe. Ndiyo maana madaktari wanapowapima watu waliopiga bunduki kwa muda huona la kushoto limeharibika zaidi. Tena kishindo kina alama yake kwenye kipimo: usikivu unaporomoka kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, kisha unapanda tena kidogo. Uzee huteremka tu kama mlima wa Umatengo, moja kwa moja. Miaka mingi ikipita alama zile hufifia, nakubali. Lakini hazifutiki kwa wote. Kinachotakiwa ni mtu apimwe, na apimwe na anayejua anatafuta nini. Kutoka kijiji cha ziwani hadi alipo daktari wa masikio, pua na koo ni nauli, ni siku, ni mtu wa kumsindikiza. Dai linamtaka mdai alete ushahidi ambao nchi haijausogeza karibu naye.

Kuna jibu lingine la ofisini, la kwinini. Mwambao wetu ni wa malaria, na kila mtu wa umri ule amekunywa au kuchomwa kwinini, na kwinini kweli huvumisha masikio. Sawa. Lakini kwinini haichagui sikio la kushoto.

Wengine wamelikuta tatizo hili wakalitafutia njia. Marekani, mvumo wa masikio ndio ulemavu unaolipiwa wanajeshi wastaafu wengi kuliko mwingine wowote, watu zaidi ya milioni 2, kwa kiwango cha asilimia 10. Mahakama zao zimekubali kwamba mvumo ni kitu ambacho mwenyewe anaweza kukishuhudia, kwa kuwa hakuna mashine ya kuusikia kwa niaba yake. Na wanayo orodha ya kazi za jeshini inayoeleza kazi ipi ina uwezekano mkubwa wa kelele, hivyo mpiga mizinga hahitaji kuthibitisha kila mlipuko: kazi yake imeshathibitisha. Sisemi Marekani ni peponi. Kampuni ya 3M ilikubali mwaka 2023 kulipa dola bilioni 6 kumaliza kesi za vizibo vya masikio ambavyo wanajeshi walidai havikuwakinga. Huko mtu alipewa kizibo kibovu akashtaki. Sikumbuki kusikia mkongwe yeyote wa Kagera huku kwetu akizungumzia kizibo cha aina yoyote.

Na wala si lazima kutazama Marekani. Kudai haki ya uaskari ni hadithi yetu wenyewe. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa mtoto tu alipotumikia jeshi la Wajerumani, alifika Berlin mwaka 1929 kudai mishahara yake na ya baba yake. Akaambiwa amechelewa. Alifia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Miaka 20 baadaye, 1964, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa maaskari wazee waliokuwa bado hai, na inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza mamia, wengi bila cheti chochote. Mlipaji akawapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride la silaha. Inasemwa hakuna aliyeshindwa. Watu huisimulia hii kama kichekesho kingine tena. Mimi naiona ni ushahidi kwamba mkoloni, ambaye hatumsifu kwa lolote, aliwahi kukubali mwili wa mtu kuwa cheti. Ila mtihani ule ulikuwa wa amri kwa mdomo. Askari aliyezibwa masikio na mizinga ya vita vile vile angesimama na ufagio wake mkononi, hajui ameambiwa nini, na angehesabiwa kuwa mwongo.

Najua pingamizi mbili. La kwanza ni la fedha: ukiwafungulia mlango, kila mzee atasema ni mzinga. Basi wapimeni. Idadi yao inapungua kila msimu wa mvua, na serikali inayosubiri itakuja kushinda kesi hii kwa kuhudhuria mazishi. Pingamizi la pili linatoka kwetu wenyewe, watu wa vitabu: fasihi si ofisi ya pensheni, tusiigeuze fomu. Nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, na linanichosha. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile hakuwa akijaza fomu, lakini baada ya ule mchezo hakuna Mtanzania aliyesoma anayeweza kuyatamka yale maji bila kufikiria gharama ya kuaminishwa. Fasihi ilibadilisha kinachoaminika. Karani wa dirishani alisoma shule zile zile tulizosoma, kwa vitabu vile vile. Alifundishwa kwamba vita vya Kagera ni maneno matatu na ushindi. Angefundishwa habari za sikio la kushoto, angeuliza swali jingine siku ile.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaokusanya simulizi za wazee, na wanafunzi wa vyuo mnaokuja Songea na Mbinga kila likizo na madaftari: mkimpata aliyekwenda Kagera, msianze na Amin. Kaa upande wake wa kulia, uso wako uwe kwenye mwanga aone midomo. Muulize sikio lipi lilianza, alikuwa ameshika silaha gani, au amesimama umbali gani na ipi, nani alikuwa pembeni yake, alikuwa akifanya kazi gani kabla na aliacha lini. Andika kwa maneno yake, umsomee, na kama hasikii mpe asome mwenyewe au asomewe na mjukuu aliyemzoea. Jirani aliyemjua kabla ya 1978 aweke sahihi. Tarehe iwepo. Nakala moja abaki nayo yeye.